Spana namba ngapi? Kuchagua spana na soketi za magari ya zamani

Nati ya gari la zamani ikishakuwa duara, mara nyingi lawama zote hupewa kutu. Kilichoiua hasa ni soketi iliyopwaya, pengine kwa chini ya nusu milimita. Soketi ya saizi sahihi husukuma ubavu wa nati. Ikipwaya, nguvu yote huangukia kwenye kona, na kona zikishalika hazirudi. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, jua gari linatumia mfumo gani wa vipimo. Magari mengi ya zamani yana zaidi ya mmoja.

Ya Japani na ya bara la Ulaya ni mepesi kwa sababu yanatumia milimita. Hata hivyo, kumbuka kwamba namba ya spana ni upana wa kichwa, ubavu kwa ubavu, wala si unene wa bolti. M8, yaani bolti ya unene wa milimita 8, kwa kawaida hufunguliwa na spana namba 12 kwenye gari la Kijapani. Kwenye gari la Kijerumani la miaka ya 1970 au 1980, bolti ya unene uleule hutaka 13. M10 ni 14 kwa Mjapani na 17 kwa Mjerumani huyo, ilhali kiwango cha sasa cha kimataifa, ISO, ni 16. M6 ni 10 karibu kote. Ndiyo maana kwenye Toyota kuukuu kazi kubwa hufanywa na 10, 12, 14, 17 na 19, na seti isiyo na 12 na 14 haifai kununuliwa kwa gari hilo.

Magari ya Marekani yalitumia inchi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 watengenezaji wa huko walianza kuhamia milimita kidogo kidogo, kwa hiyo gari la kipindi hicho huweza kuwa na bolti za aina zote mbili. Tazama kichwa cha bolti kabla ya kukisia: namba kama 8.8 ina maana ya milimita; mistari inayotoka katikati kwenda pembeni ni inchi za Kimarekani, mitatu kwa daraja la 5 na sita kwa daraja la 8.

Uingereza ndiko kwenye kazi. Magari yake ya awali yana bolti za Whitworth (W) na BSF, mifumo ya zamani ya inchi ya Kiingereza, na humo namba ya spana hutaja unene wa bolti, si upana wa kichwa. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo wa takriban milimita 13.3, wakati 1/4 AF, inayopima kichwa chenyewe ubavu kwa ubavu, ni milimita 6.35 tu. Vichwa vya BSF ni vidogo kwa hatua moja, kwa hiyo spana hiyohiyo ya 1/4 W hufungua 5/16 BSF. Baada ya mapatano ya mwaka 1948 kati ya Marekani, Uingereza na Kanada, viwanda vya Uingereza vilihamia taratibu kwenye meno ya UNF, mfumo wa inchi wa pamoja wa nchi hizo, ambayo spana zake ni za AF. Vifaa vya umeme viliendelea kutumia skrubu ndogo za BA, mfumo mwingine wa Kiingereza. Nati ya 2BA ina upana wa milimita 8.2. Na magari ya MG kama TC na TD yana injini yenye meno ya milimita lakini vichwa vya Whitworth. Huko spana iliyoingia vizuri haikuambii lolote kuhusu bolti ya kununua.

Je, spana za milimita zinaweza kufanya kazi ya inchi? Chache zinaweza. 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo 8 inafaa. 5/8 ni 15.88, tumia 16. 3/4 ni 19.05, na soketi ya 19 kwa kawaida huingia. 15/16 ni 23.81, ambayo ni 24. Nyingine ziache. 1/2 ni 12.7, na 13 juu yake ndiyo muuaji mkubwa wa nati kwa sababu inaonekana kukubali. 9/16 ni 14.29: 14 haiingii, 15 inazunguka bure. Tofauti hiyohiyo ina faida upande wa pili: kichwa cha 13 kilicholiwa na kutu kikigongewa soketi ya 1/2 AF, mara nyingi kinafunguka.

Kupima, safisha kichwa kwa brashi ya waya mpaka rangi na kutu vitoke, kisha pima kwa kalipa jozi zote tatu za bavu. Fuata kipimo kikubwa zaidi. Vidogo ni vya bavu zilizolika. Kwa nati zilizoganda, nunua soketi za kona sita, si kumi na mbili. Chungulia pia mdomo wa soketi: nyingi zimechongwa kwa ndani ili ziingie upesi, na kwenye kichwa chembamba mchongo huo huacha nafasi ndogo sana ya kushika. Mdomo ukisagwa ukawa bapa, soketi hushika mpaka chini.

Tahadhari kubwa iko kwenye mabomba ya breki. Nati ya bomba la inchi, 3/8 UNF, ina unene wa milimita 9.5 na meno 24 kwa inchi. Ile ya milimita, M10, jino kwa jino milimita 1, ina meno 25.4 kwa inchi. Ya inchi huingia kwa vidole kwenye tundu la M10 na huonekana kukaza, lakini meno yameshikana kwa ncha tu, na mguu ukikanyaga breki kwa nguvu nati inaweza kuchomoka. Hapa usiamini vidole. Pima unene wa meno ya nati kwa kalipa: ikisoma 9.5, isiingie kwenye tundu la M10.