Magamba meusi ndani ya mfuniko si rangi

Ukifunua jiko la gesi la kuchomea nyama lililokaa miaka mingi uani, hasa huko Marekani yalikojaa, mara nyingi utakuta magamba meusi yananing'inia ndani ya mfuniko. Watu husema ni rangi inabanduka, itaangukia chakula, na jiko zima hutupwa. Inasikitisha, maana si rangi.

Majiko kama Weber Genesis, yaliyoingia sokoni mwaka 1985, yana enameli, utando mgumu kama kioo, ndani ya mfuniko. Enameli huchomwa tanuruni kwa nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Joto la kuchoma nyama halifiki hata nusu yake. Mifuniko mingine ni alumini tupu. Magamba yenyewe ni moshi na mafuta yaliyogeuka kaboni, safu juu ya safu. Sugua kipande vidoleni: kinavunjikavunjika na kuacha masizi.

Funga gesi, jiko likiwa vuguvugu ulikwangue kwa kikwangulio cha plastiki, kisha uoshe kwa maji ya sabuni. Dawa ya oveni yenye kostiki soda usiiguse kabisa: inakula alumini.