"Daktari, Mbona Sijawahi Kuumwa?" Kinga ya Mwili na Homa ya Ini Aina ya B

Wengi tunaowaona hapa Kisumu wakiwa na homa ya ini aina ya B hawakuletwa na ugonjwa. Walikwenda kuchangia damu, au kliniki ya wajawazito, wakapimwa na kuambiwa wana virusi. Tone la damu kwenye kipimo, dakika kama kumi na tano, kisha mstari wa pili unatokea. Mtu anautazama, anainua macho na kuuliza: "Daktari, mbona sijawahi kuumwa?"

Virusi vingi vikivamia seli, seli hiyo hupiga mbiu. Mbiu yenyewe ni protini ndogo ziitwazo saitokini, ambazo seli hutumia kupashana habari. Inayojulikana zaidi ni interferoni, iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Ikishatoka kwenye seli iliyovamiwa, hunata kwenye seli jirani na kuwasha mamia ya jeni za ulinzi. Baridi, uchovu na maumivu ya viungo unayoyapata ukishikwa na mafua makali ni kazi ya protini hizi kwa sehemu kubwa.

Virusi vya homa ya ini B hupita kimyakimya. Vikiingia kwenye seli ya ini, hupeleka jeni zao hadi ndani ya kiini na kutengeneza duara dogo la DNA linaloweza kukaa humo miaka na mikaka. Kutoka hapo huzaana bila kuamsha interferoni ya kutosha. Mbiu haikulia, basi nawe hukuhisi kitu.

Kwa mtu mzima, kimya hicho kwa kawaida hakidumu. Baada ya wiki kadhaa, seli T za kinga huvitambua virusi, na hapo hutokea jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha. Virusi vinaweza kuwa vimeenea karibu ini lote. Seli T zingeua kila seli yenye virusi, mgonjwa asingebaki na ini. Huua baadhi, lakini pia humwaga interferoni gama na saitokini nyingine iitwayo TNF, na hizo mbili huvizima virusi ndani ya seli huku seli yenyewe ikibaki hai. Watu wazima wapatao 95 kati ya 100 hupona hivyo. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa hana bahati hiyo: takriban 90 kati ya 100 hubaki na virusi, kwa kuwa kinga yao bado ni changa na huvizoea.

Maambukizi yakishakuwa sugu, seli T huchoka. Ini nalo hutoa saitokini za kutuliza vita, kama IL-10 na TGF-beta, na hiyo TGF-beta ndiyo huchochea makovu. Kwa hiyo ini huharibiwa na mapambano hafifu yasiyokwisha, mpaka linakakamaa au kupata saratani, na mwenyewe anaendelea na shughuli zake akijiona mzima.

Kwamba saitokini hizi ndizo zinazovishikilia virusi tunaliona wazi kwa wagonjwa wa baridi yabisi wanaopewa dawa za kuzuia TNF. Virusi vilivyokuwa vimelala vinaweza kuamka na kulishambulia ini vikali. Ukiandikiwa dawa za aina hiyo, pimwa homa ya ini B kwanza.

Interferoni imetumika pia kama dawa: sindano ya kila wiki kwa wiki 48, yenye homa, uchovu na wakati mwingine huzuni nzito, na wanaofaulu ni wachache. Kwa homa ya ini C sindano hiyo imeachwa, kwani vidonge vya sasa huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Kwa aina ya B, wengi hupewa tenofovia. Huzuia virusi kujinakili na kulipa ini nafasi ya kupona, lakini haifikii lile duara la DNA. Ukiacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri, virusi hurudi, pengine kwa kishindo.

Hapa magharibi mwa Kenya jambo hili linatuhusu zaidi, kwa sababu watu wengi wanaotumia ARV wamo kwenye tenofovia na lamivudini, dawa zinazovizuia virusi vya B pia. Kabla hujabadilishiwa ARV, uliza kama umewahi kupimwa homa ya ini B. Na ukikutwa nayo, walete mwenzi na watoto wapimwe. Wasio nayo wapate chanjo, hasa waliozaliwa kabla ya 2001, mwaka ambao Kenya iliiingiza kwenye chanjo za watoto za wiki ya 6, 10 na 14.