Je, wajua kipokezi cha intaneti hujuaje biti moja imeishia wapi?

Ndani ya nyuzi za kioo, kwa njia iliyo rahisi zaidi, data husafiri kama mwanga na giza: mwanga ni moja, giza ni sifuri, na kila moja au sifuri ni biti. Kwa kasi ya biti bilioni 40 kwa sekunde, kila biti hupata pikosekunde 25 tu. Gawa sekunde mara trilioni, kisha chukua vipande 25. Sasa zikija sifuri saba mfululizo, upande wa pili unaona giza tupu. Utajuaje kwamba zilikuwa saba, si sita wala nane?

Lazima kipokezi kiwe na saa inayokwenda sawa na ya mtumaji. Saa hiyo haitumwi peke yake. Huchumwa kutoka kwenye data yenyewe. Kwa kawaida saketi za umeme ndizo hufanya kazi hiyo, lakini ipo njia ya mwanga kwa mwanga, na mimi naiona tamu zaidi.

Chukua leza ya semikondakta, mada ile ile inayotengeneza chipu, yenye urefu wa milimita moja, ncha zake mbili zikiwa vioo. Sehemu kubwa inakuza mwanga kwa nguvu ya umeme. Sehemu ndogo inaula. Ila mlaji huyu hushiba: mwanga hafifu humezwa, mwanga mkali humjaza upesi na masalio yakapita. Basi mwanga uliotawanyika hufifia, uliojikusanya hustawi, hadi linabaki pigo moja fupi likienda na kurudi baina ya vioo. Kila likigonga kioo cha mbele, sehemu yake huvuja nje. Humo ndani mwanga hutembea taratibu, kasi yake ikiwa imepungua kama mara tatu na nusu, hivyo safari ya kwenda na kurudi huchukua takriban pikosekunde 25. Hayo ni mapigo bilioni 40 kwa sekunde, na kilichoamua mwendo ni urefu wa kipande tu! Ukitaka mapigo ya haraka zaidi, kata kipande kifupi zaidi.

Itafuataje saa ya mtumaji? Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens, akiwa mgonjwa ndani, aligundua kuwa saa zake mbili za pendulamu zilizotundikwa pamoja zilivutana mpaka zikaenda kwa mwendo mmoja. Leza nayo huvutwa hivyo. Ikiingiziwa mwanga wenye data, na kasi zikiwa zimekaribiana, mapigo yake hujipanga na ya data. Sifuri zikifuatana, huendelea kupiga yenyewe.

Giza likizidi urefu, hata hivyo, leza huanza kuteleza. Ndiyo maana watumaji huichanganya data kwa kanuni maalumu ili sifuri zisirundikane. Siku hizi mitambo mingi ya masafa marefu huutafuta wakati kwa hesabu ndani ya chipu, na saa za leza zimebaki zaidi maabara.