Uwiano wa omega-3 na omega-6 katika samaki wa ziwani na wa kufugwa

Uwiano wa omega-3 na omega-6 ni kipimo kinacholinganisha makundi mawili ya mafuta ambayo mwili wa binadamu hauna budi kuyapata katika chakula. Kipimo hiki, kuliko protini, ndicho kinachomtofautisha sato aliyevuliwa Ziwa Victoria na yule aliyekuzwa katika vizimba vya majini huko Jinja, Uganda, kwa maana protini yao hukaribiana sana: takriban gramu 18 hadi 20 katika kila gramu 100 za mnofu mbichi.

Chanzo cha tofauti ni malisho. Omega-3 ya ziwani huanzia kwenye mwani mdogo unaoelea majini, ambao sato huula moja kwa moja. Sato wa kufugwa hulishwa zaidi soya, pumba za mahindi na mashudu ya alizeti au pamba, vitu ambavyo mafuta yake yana omega-6 nyingi, na mnofu wake hufuata mkondo huohuo. Ukimpasua yule aliyelishwa kwa wingi, mara nyingi utakuta mafuta meupe yameuzunguka utumbo. Wanunuzi wengine huyafurahia, ingawa unono huo hauonyeshi kwamba omega-3 imeongezeka. Aliyefugwa katika bwawa la udongo lililorutubishwa kwa samadi, ambamo maji hugeuka kijani kwa mwani, humkaribia zaidi yule wa ziwani.

Mfugaji anaweza kurekebisha uwiano huo kwa kuchanganya dagaa (waitwao mukene nchini Uganda) waliosagwa katika chakula cha samaki. Hapo ndipo ninapoona tatizo kubwa kuliko lile la sato mwenyewe: mukene huliwa mzima pamoja na mifupa na kichwa, na kwa hiyo humpa mtoto kalisi, chuma, zinki na vitamini A kwa kiasi ambacho minofu ya sato haiwezi kufikia, tena kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu. Kumwondoa kwenye sahani ya mtoto ili kumboresha samaki wa kizimba ni hasara.

Jambo la mwisho ni jikoni. Kwa kuwa mnofu wa sato una mafuta machache, kwa kawaida gramu 2 hivi kwa kila gramu 100, kumkaanga katika mafuta ya alizeti kunaweza kumwongezea omega-6 kuzidi tofauti yote iliyoletwa na malisho. Kumchemsha au kumpika kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba hakumwongezei chochote.