Viashiria vya uchumi vya kila mwezi ni nini?

Kiashiria cha uchumi ni takwimu inayokusanywa kwa njia ileile kila kipindi, ili ionyeshe hali inaelekea wapi. Nchini Kenya, Shirika la Takwimu la Taifa (KNBS) hutoa jedwali la kila mwezi: mfumuko wa bei, thamani ya shilingi, riba, saruji iliyotumika, umeme uliozalishwa, watalii walioshukia viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa, hata bei ya chai kwenye mnada wetu wa Mombasa.

Mfumuko wa bei ndio unaowachanganya wengi. Ukisikia umeshuka kutoka asilimia 6 hadi 4, usiende soko la Kongowea ukitarajia nafuu. Tuseme pakiti ya unga ilikuwa shilingi 200. Mwaka wa kwanza ikapanda kwa asilimia 6, ikawa 212. Mwaka uliofuata asilimia 4, ikawa 220 na senti kidogo. Kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Bei yenyewe imepanda.

Kisha kuna msimu. Hoteli za Nyali na Bamburi hupoa masika yakianza, na baadhi ya wafanyakazi hupewa likizo bila malipo. Ukilinganisha Mei na Desemba utadhani utalii umekufa, kwa hiyo Mei hulinganishwa na Mei ya mwaka uliotangulia. Hapo napo pana mtego: Aprili 2020 ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa, basi asilimia yoyote ya ukuaji ya Aprili 2021, ikilinganishwa na karibu sifuri, ilikuwa lazima ionekane kubwa ajabu.

Upande wa ajira ni mgumu zaidi. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki ya utafiti huhesabiwa ana ajira. Kibarua wa Shimanzi, mtaa wa maghala karibu na bandari ya Mombasa, aliyebeba magunia asubuhi moja tu, yumo. Aliyechoka kutafuta kazi akaketi nyumbani hahesabiwi hata kuwa hana ajira, kwa hiyo kiwango cha ukosefu wa ajira kinaweza kushuka kwa sababu watu wamekata tamaa.

Marekani kila jimbo hupata takwimu zake za ajira kila mwezi. Kaunti ya Mombasa haina, kwa hiyo watu huangalia shehena ya bandari kukisia hali ya ajira. Mimi njia hiyo ya mkato siiamini sana. Shehena ya bandari ilipanda kutoka tani milioni 30.9 mwaka 2018 hadi milioni 34.4 mwaka 2019, na mwaka huohuo wa 2019 wenye malori na vibarua walikuwa barabarani wakiandamana, kwa kuwa makasha ya Nairobi yalikuwa yameelekezwa kwenye reli mpya ya SGR, na kazi ya malori ikapungua. Ukipewa tani, uliza pia zimetoka bandarini Kilindini kwa lori au kwa reli.