Pikapu imetoka gereji inalia: tunayoambiana na ukweli wake

Hapa Goma pikapu inateseka. Asubuhi inashuka Sake imejaa watu na bidhaa, jioni inarudi na magunia ya viazi vya Masisi, na mitaa mingi ya mji bado inapita juu ya mawe ambayo volkano ya Nyiragongo iliyamwaga mwaka 2002. Kila mwenye pikapu anaijua gereji. Wachache wanajua kuisikiliza gari siku inapotoka huko na sauti ambayo haikuingia nayo, na hapo ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa sababu ya maneno tunayorithishana bila kuyapima.

“Inavuma kwa nyuma? Difu hiyo, imekufa.”

Hili liliniuma mwenyewe. Nilibadilishiwa klachi, kazi ambayo haigusi difu hata kidogo, yaani lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu. Lakini ili giaboksi ishuke, ni lazima ifunguliwe kardani, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Gari iliporudi, nikifika kilomita 60 kwa saa sakafu inatetemeka na mvumo unajaa kabini. Nikaambiwa nitafute difu nyingine. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei mtaani Birere.

Mzee mmoja, fundi wa zamani kule Ndosho, hakuniuliza chochote kuhusu difu. Aliuliza, “Ilifunguliwa nini?” Kisha akajilaza chini ya gari, akafuta vumbi la kardani kwa kitambaa, akaniita: “Njoo uone, kijana wangu.” Akaniwekea kidole kwenye masikio mawili ya chuma yanayoshika krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu kardani kukunja, moja mbele, jingine nyuma. Hayakuwa yametazama upande mmoja. Aliyefunga alichomeka vipande viwili vya shafti bila kulinganisha meno yake.

Krosi ikiwa imekunja pembe haipitishi mzunguko sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili ndiyo inayofuta kosa la ile ya kwanza, na inaweza kufanya hivyo pale tu masikio yanapolingana. Yasipolingana, makosa mawili yanajumlishana. Mzee aliichomoa, akaizungusha, akaichomeka tena. Mvumo ukaisha siku hiyo, na difu yangu ya zamani ndiyo ninayoendesha hadi leo. Tangu hapo, kabla kardani haijafunguliwa naweka mstari wa rangi kila inapoungana.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia. Kwenye pikapu nyingi kardani inazunguka karibu mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linapiga mizunguko kama 7 kwa sekunde, kardani karibu 30. Kwa hiyo ukienda polepole ukasikia ku, ku, ku unayoweza kuihesabu, anza kwenye gurudumu na breki. Mtetemo usiohesabika, unaokuja kama ganzi kwenye kiti, anza kwenye kardani.

“Kipuri ni kipya, kitazoea.”

Pedi za breki zinazoea, nakubali. Beringi haizoei. Beringi mpya inayonguruma ilipigwa nyundo wakati wa kuingizwa, imekazwa kupita kiasi, imeingia uchafu, au ni mbovu tangu kwenye boksi, na kila kilomita inazidi kuharibika.

Difu iliyofunguliwa ndiyo inayotaka ukali zaidi. Krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo zinazokutana ndani yake, vinatengenezwa na kuuzwa kwa jozi. Kuchukua krauni ya gari hii na pinioni ya gari ile ni kununua kelele. Uwazi kati ya meno yake ni mdogo mno, kwenye difu nyingi za pikapu ni kama milimita 0.13 hadi 0.18, na haupimwi kwa kutikisa kwa mkono. Tena kwenye difu nyingi kati ya beringi za pinioni kuna bushi inayojiminya nati inapokazwa. Inajiminya mara moja tu. Anayeirudisha ileile ya zamani anakurudishia gari itakayolia.

Sikiliza inalia lini. Ikilia ukikanyaga mafuta tu, au ukiachia tu, meno hayakukutana vizuri. Ikinguruma vilevile ukikanyaga na ukiachia, shuku beringi. Ni kweli krauni mpya inaendeshwa taratibu mwanzoni bila mzigo mzito, lakini hiyo ni kwa ajili ya joto. Meno yaliyopangwa vibaya yanazidi kuchongana vibaya.

“Weka oili nzito, au changanya na grisi.”

Usifanye hivyo. Grisi haitiririki kufika kwenye beringi za pinioni. Sauti inapungua wiki moja, kisha beringi inaungua. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na safisha kipumuo cha difu, kwa sababu kikizibwa na tope presha inasukuma oili nje kupitia kwenye sili, ile mipira inayozuia oili kuvuja.

“Ipige jeki tuisikilize.”

Ikining’inia, ekseli inashuka, pembe ya kardani inabadilika na hakuna mzigo. Inaweza kutetemeka bila kuwa na tatizo, au kunyamaza huku ni mbovu. Na sauti inatembea kwenye chesi. Beringi ya nyuma nimewahi kuisikia kama iko chini ya miguu yangu. Nenda barabarani, ubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Toka kwenye lami uingie kwenye changarawe: mvumo ukibadilika kabisa, huenda ni matairi tu. Pinda kulia, uzito unaenda kushoto. Kelele ikizidi, angalia beringi ya kushoto. Simama, injini ikiwaka, gia nyutro. Kelele ikipotea ukikanyaga klachi, shuku beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ikianza ukikanyaga, ni ile beringi inayosukuma klachi.

“Inagonga kwenye kona, basi imevunjika.”

Kwanza angalia kama magurudumu manne yameachwa yameungwa (4x4). Pikapu nyingi hazina difu ya katikati, inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti, na kwenye lami kavu zinajibana zikikunja kona, kisha zinajiachia kwa kishindo. Angalia pia nati za magurudumu, na bati lililo nyuma ya diski ya breki. Changarawe yetu ya lava ina ncha. Kipande kikubwa kama punje ya mahindi kikikwama hapo kinapiga kelele ya kutisha, na kinatoka kwa bisibisi.

Baada ya mwendo, nashika habu zote, vitovu vya magurudumu, kwa uangalifu. Moja ikichoma kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo ndipo pa kufungua. Siku ya kumwaga oili ya difu natazama bolti yenye sumaku. Uji wa kijivu, laini kama masizi, ni wa kawaida. Nikihisi vipande vyenye ncha kati ya vidole, viazi vinapanda gari la mtu mwingine na difu inafunguliwa siku hiyohiyo.