Machipuko ya North Dakota: ramani nyeupe haimaanishi kawaida

Jumapili baada ya ibada hapa Fargo, mama mmoja wa kutoka Kivu alinishika mkono: "Papa, wewe unayesoma mawingu, makoti ya watoto nifungie sasa?" Nje kulikuwa na nyuzi joto 12. Watoto walikuwa wanakimbizana bila sweta na maji ya theluji yanachuruzika mtaroni. Nikamwambia koti moja la kila mtoto libaki mlangoni mpaka Mei. Akanitazama kama mganga aliyeshindwa kazi.

Nimemwelewa. Ameona ramani ya utabiri wa miezi mitatu, na juu ya jimbo letu hakuna rangi, ni nyeupe tupu. Akasoma "kawaida". Kosa hili hufanywa hata na wakulima wa ngano waliozaliwa hapa.

Waliowahi kusikiliza TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ikitangaza masika wanajua yale makundi matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Climate Prediction Center, kituo cha Marekani kinachotoa ramani hiyo, nacho hutumia makundi hayohayo. Usipokuwa na fununu yoyote, kila kundi lina asilimia 33 na kidogo, na rangi hupakwa tu pale mizani inapolalia upande mmoja. Kwa hiyo ramani nyeupe inasema mizani haijalala popote: ukame, theluji nzito na hali ya wastani vyote bado vina nafasi sawa.

Kwa nini isilalie? Wakati wa baridi tuna kitu cha kushika. El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ambayo kwetu Afrika Mashariki huogopwa kwa mvua za vuli, huku mara nyingi hulainisha baridi. Lakini ikifika Machi na Aprili nguvu yake hulegea, na huo ndio msimu ambao hata mwenendo wa Bahari ya Pasifiki yenyewe ni mgumu kuubashiri. Hapo tunabaki na dhoruba mojamoja, na dhoruba haionekani miezi miwili kabla.

Dhoruba zenyewe huzaliwa mashariki ya milima ya Rocky, hasa upande wa Colorado. Ni mgandamizo mdogo wa hewa unaozunguka kinyume cha mishale ya saa: upande wa mashariki unavuta unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, nyuma yake unashusha baridi ya Kanada. Katikati ni tambarare tupu, hakuna mlima wa kuzitenganisha hewa hizo. Kiini cha dhoruba kikipita magharibi yetu, tunapata mvua, pengine na radi. Kikipita kusini-mashariki yetu, dhoruba ileile inatufukia kwa theluji na upepo wa kaskazini. Hitilafu ya kilomita 150 katika njia yake inatosha kukugeuzia utabiri wote. Katikati ya Aprili 2022 eneo la mji wa Minot, humuhumu jimboni, lilipata zaidi ya nusu mita ya theluji katika siku tatu, na mwezi haujaisha dhoruba nyingine ikaleta mvua mashariki ya jimbo huku barafu ikiangusha nguzo za umeme magharibi.

Makoti ni jambo dogo, lakini. Kinachoninyima usingizi ni mto.

Red River, unaopita hapa Fargo, unatiririka kwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Winnipeg. Ina maana kusini kunayeyuka kwanza, na maji yanakwenda kukutana na barafu ambayo bado imeziba njia. Bonde lenyewe lilikuwa sakafu ya Agassiz, ziwa la kale la enzi ya barafu, na ni bapa kama mkeka. Mto ukipanda kingo, maji hayana pa kukimbilia ila mashambani.

Ukisema 1997 Dar es Salaam, watu wanakumbuka El Niño ya mwisho wa mwaka. Hapa 1997 ni Aprili. Baada ya majira ya baridi yenye dhoruba nane kubwa, ya mwisho ikija mwezi huohuo, utabiri wa kimo cha mto huohuo kule Grand Forks, mji ulio kaskazini yetu, ulitaja futi 49. Mto ukafika futi 54.35. Watu wakauhama mji, na katikati ya mafuriko majengo 11 yakateketea kwa moto. Ile 49 ilikuwa makadirio, lakini watu wengi waliichukua kama ahadi, na tangu niisome habari hiyo sipendi kutoa tarakimu moja bila kutaja inavyoweza kupanda au kushuka.

Kwa hiyo mimi hutazama mambo mengine. Udongo uliingia baridi ukiwa umelowa au mkavu? Umeganda kwa kina gani? Theluji iliyolala ina maji kiasi gani ndani yake? Hili la mwisho hupimwa kwa namna ninayoipenda mno: ndege huruka chini, kama mita 150, ikipima mionzi ya gama inayotoka ardhini kwa asili. Maji huizuia mionzi hiyo, basi kadiri inavyopungua, ndivyo theluji ilivyobeba maji mengi.

Halafu natazama usiku. Mchana nyuzi 5 na usiku hasi 5, theluji huondoka kwa awamu, mto ukapumua. Mwaka 2009 hapa Fargo, wakati watu wanajaza mifuko ya mchanga usiku kucha, baridi ilirudi ghafla ikapunguza kasi ya kuyeyuka. Tarehe 28 Machi mto ulisimama kwenye futi 40.84. Ni rekodi hadi leo, ila tuliogopa zaidi ya hapo.

Kwa wiki hizi, basi, usihangaike na joto la saa nane mchana. Angalia la alfajiri. Likikaa juu ya sifuri usiku tatu mfululizo huku mvua ikitajwa, toa vitu vyako kwenye chumba cha chini ya nyumba, na umwambie jirani. Jumapili ile kipimajoto changu kilishuka usiku hadi hasi 6. Yule mama hajanipigia simu, lakini jana niliwaona wanawe kituo cha basi la shule. Walikuwa na makoti.